Kilichokaa Katikati ya Shaba Nane

Kwenye ukurasa wa mwisho wa andiko la Dokta Saburi, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, kuna mstari unaomshukuru Zuhra Yunusi kwa kuosha chupa za maabara. Nilitafsiriwa mstari huo na watu watatu, siku tatu tofauti, kwa sababu darasa langu la saba la kijijini Marambo halikunipa Kiingereza cha kutosha kutukanwa. Wote watatu walisema vilevile. Kuosha chupa.

Basi niwaeleze huyo muosha chupa ni nani.

Zuhra ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alizaliwa Marambo, baba yake Yunusi akiwa mkulima wa korosho na ufuta kama wengine wote. Dada alipofariki mtoto ana miaka sita. Nikamchukua mimi, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na Yunusi mwenyewe hakubisha. Nikahamia naye Nachingwea mjini, nikauza maandazi asubuhi na mitumba mchana, yeye akasoma. Hakuwa mtoto wa kusifiwa na wageni. Alikuwa mkimya na mbishi, na akiudhiwa hakulia. Alikaa na jambo lake tumboni hata mwezi mzima, mpaka mkosaji amesahau. Darasa la nne msichana mmoja alimchania daftari la hesabu. Zuhra hakusema kitu. Muhula uliofuata yule msichana akaja kuomba aonyeshwe hesabu za sehemu. Zuhra alimwonyesha zote kumi, kwa upole, na zote kumi zilikuwa za uongo. Nilimchapa kwa hilo. Leo ningemnunulia soda.

Akafika chuo kikuu, akachukua kemia, akabaki kusomea shahada ya pili. Mwalimu wake akawa huyo Saburi. Ni mtu wa Ruangwa, mama yake Bi Zulfa namfahamu tangu ujana, na koo zetu ni watani. Nilifurahi. Nilisema mtoto amepata mtu wa nyumbani.

Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, Zuhra alirudi Nachingwea na kasha la vichupa vidogo, vile vya dawa ya sindano, kila kimoja kina maji ya rangi ndani.

"Mwanangu, unauza dawa siku hizi?"

"Nakuza fuwele, Mama."

Akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza. Fuwele ni kijiwe chenye pande zilizonyooka, kama punje ya chumvi ukiitazama kwa karibu. Chumvi inapata pande zile kwa sababu chembe zake zimejipanga mistari, kama miche kwenye shamba la mtu makini. Zuhra alikuwa ameunganisha chembe za shaba na kemikali nyingine, na alitaka kujua hizo chembe zimekaaje. Kwa jicho huwezi kuziona. Kuna mashine inayopiga mionzi ya eksirei kwenye fuwele, mionzi inatawanyika madoamadoa, na kwa hesabu ya hayo madoa wanajua kila chembe imekaa wapi. Lakini mashine inataka fuwele nzuri, kubwa kiasi cha punje ya mchanga, isiyo na ufa. Na fuwele nzuri haiharakishwi. Unaacha maji yapungue polepole kupitia vitundu vya sindano juu ya kichupa, kusiwe na mtikisiko, kusiwe na jua.

Nikampa stoo yangu. Huko ndani mna majembe, magunia na mifuko ya salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho ili ua lisiungue na ugonjwa wa ubwiri. Zuhra alivipanga vichupa juu ya kasha na kuvifunika kwa kanga. Siku akienda sokoni mimi naingia na kutazama, naona kanga yenyewe nyepesi, mijusi inatembea juu yake. Nikachukua mfuko mtupu wa salfa, nikaukung'uta, nikaugeuza na kuvifunika nao vizuri. Mfuko wa salfa kwetu hautupwi. Tunawekea mahindi, tunafunikia kuku, tunakalia. Akikaribia kurudi naondoa mfuko, narudisha kanga, maana alikuwa mkali juu ya vile vichupa kama mwenye mtoto mchanga. Nilifanya hivyo wiki tisa. Sikumwambia.

Wiki ya tisa akanipigia kelele nikimbie stoo. Ndani ya vichupa vitatu mlikuwa na vijiwe vya rangi ya bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho, vinang'aa, pande zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Miaka miwili alikuwa anavitafuta kule chuoni bila kupata hata kimoja.

Chuo kilipofunguliwa akavipeleka kwa Saburi. Saburi ndiye aliyekuwa na mtu nje ya nchi mwenye mashine. Akamwambia aache fuwele na daftari lake la kazi, atampigia. Hakupiga. Mwaka uliofuata andiko likatoka kwenye jarida la Ulaya, lina picha ya chembe nane za shaba zimekaa pembe za boksi, na katikati ya boksi chembe moja imefungiwa kama mahabusu. Mwenye andiko, Saburi. Zuhra, chupa. Na alipopeleka kitabu chake cha shahada kilikataliwa, kwa maelezo kwamba kazi hiyo imeshachapishwa na Dokta Saburi, na mwanafunzi amenakili.

Alirudi Nachingwea bila cheti. Hakulia hapo pia. Akapata kibarua cha kufundisha kemia sekondari moja Ruangwa, mkataba wa muda. Kwa muda huo Bi Zulfa alikuwa amemfanyia mwanaye shughuli Ruangwa hiyohiyo, mbuzi wawili na pilau, kumpongeza kwa kugundua shaba. Zuhra aliusikia muziki wake akiwa anasahihisha mitihani.

"Unasemaje?" nilimuuliza alipokuja mwisho wa juma.

"Sisemi. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui bado. Ila mtu akiiba kitu ambacho hakijui, kitamtoa mwenyewe."

Alingoja mwaka na miezi minne. Siku moja nimekaa nachambua mbaazi, simu yake ikalia. Akaweka sauti ya juu ili nisikie.

"Zuhra mdogo wangu, habari za siku nyingi," alisema Saburi, sauti imepakwa asali. "Nina swali dogo. Zile fuwele, ulitumia njia ipi hasa? Nimefuata daftari lako neno kwa neno, hazioti."

"Zako haziwezi kuota? Wewe si ndiye uliyezigundua?"

"Usiwe hivyo bwana. Kuna watu Ulaya wamejaribu nao wakashindwa, jarida linaniuliza. Na mimi mwaka huu naombewa uprofesa."

"Niandikie hilo swali kwenye wasap, Dokta. Mtandao unakatakata."

Mtandao haukukata hata nukta. Akaandika, yule mjinga msomi: *wewe ulipokuza hizi fuwele ulikuwa wapi na ulifanyaje, mimi kwangu zinakataa.* Zuhra akaisoma mara mbili, akaihifadhi, asijibu.

Kisha akanigeukia. "Mama, anasema amefuata daftari neno kwa neno. Basi kuna kitu hakimo kwenye daftari. Nilikosa kuandika nini?"

Nikaacha mbaazi. Nikamwambia habari za mfuko.

Nilidhani atanifokea. Alitazama mlango wa stoo. Halafu akacheka, na mimi kicheko kile sijakisikia tena.

"Salfa," alisema. "Mama, vumbi la mfuko lilipenya kwenye vitundu. Shaba zimemfungia salfa katikati, na Saburi kaandika klorini."

Nikamwambia asiniringie, anieleze. Akachukua mbaazi kwenye ungo wangu. Akapanga nane. "Hizi shaba. Kila moja ina chanya moja." Akazungushia sita nyingine. "Hizi ni kemikali zinazoishika kwa nje, kila moja hasi moja. Nane toa sita?"

"Mbili."

"Basi wa katikati lazima awe na hasi mbili ili deni la umeme lifutike. Klorini ana moja tu. Salfa ana mbili."

"Na mashine haikuona?"

"Mashine haisomi majina, inahesabu elektroni. Salfa na klorini wakikaa pale kila mmoja ana kumi na nane. Kwa mashine ni mapacha. Unatakiwa upige hesabu mwenyewe. Yeye aliona kwenye daftari langu nilianza na chumvi ya shaba yenye klorini, akaandika klorini, hasi moja ikampungua, akasema hiyo nyingine haionekani vizuri kwenye picha."

Nane toa sita. Mtoto wa darasa la pili anaipata, na dokta kaikosa kwa sababu alikuwa na haraka ya kula mbuzi.

Zuhra hakurukia kuandika. Alikuza upya, vichupa sita stooni: vitatu nikavifunika kwa mfuko wa salfa kama zamani, vitatu kwa kanga safi. Mwezi wa tatu vya mfuko vikaota rangi ya bibo. Vya kanga vikabaki maji machafu. Akamtumia mwalimu mmoja mwanamke wa chuo kingine, aliyemfahamu kwenye mkutano, akavipima kwa mashine ya eksirei na mashine ya uzito. Klorini ni nzito kuliko salfa, na mizani haidanganyiki kama picha. Majibu yakarudi: salfa. Zuhra akaandika andiko lake, jina lake la kwanza, akaeleza mpaka mfuko wa mama mdogo wake, akaambatisha na ule ujumbe wa wasap. Akatuma jaridani Ijumaa.

Jumamosi Saburi mwenyewe akatokea Nachingwea kwa gari, na mama yake, na kitenge, na sukari kilo tano. Alikuwa hajui lolote.

"Hodi watani," alisema Bi Zulfa. "Bado mnaishi, nyie watu wa maandazi baridi?"

"Tunaishi. Wewe tulisikia umevimbiwa pilau ya mbuzi."

Tukacheka kama inavyopasa watani. Saburi akaniamkia, nikaitikia shikamoo yake kwa kuwa shikamoo haina kosa. Akasema amekuja kuyamaliza. Kwamba vijana wakikosana wakubwa wanasuluhisha. Zuhra amsaidie tu namna ya kukuza fuwele, naye atamwombea chuoni.

Zuhra akamletea chai. "Njoo Jumatatu shuleni Ruangwa, Dokta, nitakuonyesha. Lete zile fuwele za mwanzo, zilizobaki, tulinganishe. Na mama aje."

Nikamuuliza walipoondoka, kwa nini asimwambie tu yameisha. Akasema, "Barua ataisoma peke yake chumbani. Nataka aone mama yake akiona."

Jumatatu tukawa watano kwenye maabara ya shule: Zuhra, mimi, Saburi, Bi Zulfa, na Mwalimu Nicholaus wa kule Mnero, anayefundisha na Zuhra, ambaye ndiye mwenye ufunguo na hakuwa tayari kukosa jambo. Saburi alitoa kikopo kidogo kwenye mkoba, ameviringishia pamba. Mlikuwa na vijiwe vinne vya rangi ya bibo. Nilivijua. Nimevifunika wiki tisa.

Zuhra akaweka bomba mbili za kioo kwenye kibao. Alitumia maji ya betri, ya kununua, maana maji ya kisima cha pale yana chumvi yangeharibu ushahidi. Bomba la kwanza akatia punje chache za chumvi ya mezani. "Bi Zulfa, chumvi ina klorini. Tazama." Akadondosha dawa inayoitwa silva naitreti. Papo hapo maji yakawa meupe, mazito kama tui la kwanza.

"Mashaallah," alisema Bi Zulfa.

"Palipo na klorini, inakuwa hivyo. Mtoto wa kidato cha nne anaijua hii, sivyo Mwalimu?"

"Imo kwenye mtihani kila mwaka," alisema Nicholaus.

Saburi alikuwa ameanza kuelewa. "Zuhra, kiasi ni kidogo mno, hakiwezi kuonyesha..."

"Chumvi niliyoweka ni kidogo kuliko hii, Dokta."

Akachukua kijiwe kimoja kati ya vile vinne, akakichemsha kwenye asidi ya naitriki, isiyo na klorini, mpaka kikayeyuka chote, akaacha kipoe, akatia maji ya betri. Kisha silva naitreti, tone, tone, tone. Sote tukainama. Maji yalibaki maangavu na kibuluu chake cha shaba. Ukiweka gazeti nyuma yake ungelisoma.

"Haijawa nyeupe," alisema Bi Zulfa.

"Haijawa."

"Maana yake nini?"

Zuhra alimwachia Saburi ajibu. Saburi akatazama sakafu. Basi nikasema mimi. "Maana yake, mtani, mwanao alichukua mtoto wa watu akampeleka kuandikisha cheti cha kuzaliwa, akaulizwa jina la baba, akataja jirani."

Nicholaus aligeukia dirishani, mabega yanatikisika.

Saburi akamshika Zuhra mkono wa shati, akamvuta pembeni, lakini maabara yenyewe ni chumba kimoja, tulisikia. "Tuandike marekebisho pamoja. Jina lako la kwanza, langu la pili. Shahada yako nitaisimamia, mwezi mmoja unaipata. Nakuapia."

Miaka miwili nyuma angempa hilo, Zuhra angemshukuru mpaka kaburini. Zuhra akatoa mkono wake.

"Nimeshatuma. Ijumaa. Na swali lako la wasap nimelituma."

"Ijumaa? Sasa leo umeniitia nini?"

"Kuosha bomba," alisema Zuhra, akampa zile bomba mbili.

Naye akaziosha. Wallahi nilimwona akiziosha, mtu na suti yake, kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama na hakujua mikono aiweke wapi.

Jarida lilichukua miezi saba. Likaondoa andiko lake, likachapisha la Zuhra. Chuo kikaunda kamati, Zuhra akahojiwa, kitabu chake kikapokelewa upya, na shahada akatunukiwa. Mimi nikaenda na gauni la kushona. Wengi wangeona hapo pameisha.

Lakini baada ya wiki mbili ikaja barua ya kamati. Walitaka jambo moja la mwisho, kwa maandishi na saini yake: kwa maoni yake, je, jina lake liliachwa kwa kusahau, au kwa makusudi? Ikiwa kusahau, Dokta Saburi atapewa onyo na kuendelea na kazi. Ikiwa makusudi, ataondolewa. Yeye Saburi alikuwa ameshajibu kwamba alisahau.

Barua ilifika Jumanne. Jumatano asubuhi Bi Zulfa akashuka Nachingwea peke yake, bila gari, bila kitenge.

"Swaumu," akaniita kwa jina langu, hakunitania. "Wewe ni mtani wangu. Kwenye msiba wa kaka yako nilimkamata jogoo wenu nikamchinja mbele ya watu. Ulinishitaki?"

"Sikukushitaki."

"Kwa nini?"

"Mtani hashitakiwi."

"Basi Saburi naye ni mtani. Amechukua cha mtani wake. Mwambie mtoto aandike kasahau, yaishe kwa utani."

Zuhra alikuwa mezani, barua mbele yake, kalamu mkononi. Hakuinua kichwa. Nami nilifikiri, sitaficha, nilifikiri, maana mama yule nimemjua miaka thelathini na magoti yake yalikuwa na vumbi la stendi.

"Mtani," nikamwambia, "jogoo ulimchukua mchana, unapiga vigelegele, na kila aliyekuwepo alijua ni jogoo wa kwetu. Ndiyo utani. Ungemchukua kimya, ukaenda naye Ruangwa, ukawaambia watu ametotolewa kwako, na mimi ukanishukuru kwa kufagia banda, ningekwenda polisi siku ileile."

Akamgeukia Zuhra. "Mjukuu wangu. Wakimfukuza atakula nini?"

"Anachokula mtu asiye na cheti, bibi. Mimi nimekila miaka miwili. Hakiui."

Akaandika. Lilikuwa neno moja, *makusudi*, na saini, na tarehe. Hakuandika kwa hasira; mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba, akanipa mimi nipeleke posta.

Nikaita bodaboda. Bi Zulfa naye alikuwa anarudi stendi kupanda gari la Ruangwa, na kumwacha atembee juani kwa umri ule sikuweza. Tukapanda mishikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma, bahasha nimeibana kwapani chini ya kanga. Alijua ilipo. Nilisikia mgongo wake ukitetemeka kifuani kwangu, pengine kwa kilio, pengine kwa barabara.

"Tuanzie stendi au posta?" dereva akauliza.

"Posta," nikasema.